Waya Mwembamba Unaofua Bamba la Chuma

Mhunzi wa kale alikuwa na vitu vinne ambavyo bila hivyo hakuitwa mhunzi: moto, mvukuto, fuawe na nyundo. Chuma kilitiwa motoni mpaka kikawa chekundu, kikalazwa juu ya fuawe, kikapigwa mapigo mengi hata kikakubali kuwa jembe au mkuki. Kazi hiyo ilitaka jasho, subira na jicho lililozoea.

Katika karne ya ishirini mafundi wa nchi za viwanda walizua njia nyingine ya kufua, ambayo mhunzi huyo angeitazama kwa mshangao. Chuma ni baridi. Moto haupo, wala nyundo haipo. Lipo pipa nene la chuma lililojaa maji. Chini yake pana kalibu yenye umbo linalotakiwa, na juu ya kalibu hiyo limelazwa bamba la chuma au la alumini. Ndani ya maji, kati ya ncha mbili za madini, umefungwa waya mwembamba kama uzi wa kushonea. Fundi hufunga mfuniko, huondoka hadi nyuma ya kizuizi, kisha hubonyeza swichi. Mshindo mmoja husikika, mfano wa nyundo kubwa iliyopiga ubavu wa pipa. Mfuniko ukifunguliwa, bamba limekwisha kuingia katika kalibu na kuchukua umbo lake. Waya hauonekani tena.

Namna gani uzi wa madini, usioweza hata kuning'iniza ndoo ya maji, uweze kulitiisha bamba la chuma?

NDUGU WA FYUZI

Jibu laweza kuanzia nyumbani. Nyumba nyingi zenye umeme, hasa zile za zamani, zina fyuzi. Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kilichowekwa katika njia ya umeme kama askari wa zamu langoni. Umeme ukizidi kiasi, waya huo hupata joto, huyeyuka, na njia hukatika. Fyuzi imekufa, lakini nyumba imesalimika na moto.

Waya wa kiwandani ni ndugu wa fyuzi, ila malezi yao ni mbalimbali. Fyuzi huyeyuka, ikadondoka. Waya wa kiwandani hupewa umeme mwingi mno kwa ghafla mno, hata haupati nafasi ya kudondoka. Hutoka katika hali ya ugumu, ukawa kiowevu, ukawa mvuke, nao bado uko mahali pale pale ulipofungwa. Mvuke uliobanwa katika nafasi ya uzi hauwezi kutulia. Hupanuka kwa nguvu kubwa, na huko kupanuka ndiko mlipuko. Hakuna baruti hata chembe. Umeme nao huendelea kupita katika mvuke ule, ukizidi kuupa joto mpaka unakuwa gesi ing'aayo ambayo wataalamu huiita plazma, ya jamii moja na ile iliyomo katika mwali wa radi.

SIRI NI WAKATI

Watu wengi hudhani kwamba kazi kama hii hutaka umeme wa kulisha mji mzima. Sivyo. Hesabu ifuatayo yaweza kumshangaza hata mtu aliyesoma.

Umeme wa kazi hii huwekwa kwanza akiba katika vyombo viitwavyo kapasita. Kapasita ni kama tangi la maji lililo juu ya dari: hujazwa kidogo kidogo kwa bomba jembamba, kisha maji yote yaweza kumwagwa kwa mara moja. Chukua mfano wa safu ya kapasita zenye uwezo wa mikrofaradi 100, zilizojazwa hadi volti 10,000. Akiba iliyomo ni jouli 5,000.

Jouli 5,000 ni kitu gani? Zikitumiwa kupasha moto kikombe kimoja cha maji, maji yale yataongezeka joto kwa nyuzi tano tu za Selsiasi. Hazitoshi kwa chai. Zikitumiwa kunyanyua mzigo, zitainua gunia la kilo 100 kufikia urefu wa mita tano hivi, kazi ambayo wapagazi wawili wenye kamba na kapi huimaliza bila ya kulalamika.

Lakini sasa gawa sekunde moja katika vipande milioni moja vilivyo sawa. Akiba ile ikimwagwa yote kwa muda wa vipande hamsini tu, nguvu yake katika muda huo huwa sawa na ya mtambo wa umeme wa megawati 100. Mtambo huo umeishi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha ukatoweka. Lakini katika uhai wake mfupi ulikuwa mkubwa kweli kweli.

Kila mama aliyepata kupigilia msumari ukutani anaijua kanuni hii, japo hakuisoma darasani. Msumari ukisukumwa kwa kidole gumba tangu asubuhi hadi jioni, hauingii. Ukigongwa kwa nyundo mara moja, umeingia. Mkono wa jioni umechoka zaidi kuliko mkono wa nyundo. Tofauti iko katika wakati.

MAJI NDIYO NYUNDO

Kwa nini waya ulipuliwe ndani ya maji na si hewani? Hewa hubonyea. Mlipuko wa hewani hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuibonyeza hewa yenyewe kabla ya kufika mbali. Maji hayabonyei kwa urahisi. Yakisukumwa upande huu, upande wa pili huhisi karibu papo hapo, kwa maana msukumo husafiri majini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wa sauti hewani.

Watu wa pwani na wa maziwa wanayo shuhuda ya jambo hili, ingawa ni shuhuda ya uhalifu. Wavuvi haramu wanaotupa baruti baharini huua samaki ambao baruti yenyewe haikuwagusa. Kilichowagusa ni wimbi la mshindo, lililobebwa na maji na kuwapasua matumbo yao. Nguvu ile ile inayoharibu matumbawe na kuwanyima watoto samaki wa kesho, ikiwekwa ndani ya pipa na kupewa mpaka, hufinyanga chuma.

Ndani ya pipa mambo hufuatana hivi. Waya hulipuka. Karibu na njia ya mlipuko, shinikizo la maji hupanda hadi maelfu ya mara ya shinikizo la hewa tunayovuta. Wimbi la mshindo hulifikia bamba na kulisukuma. Nyuma ya wimbi hilo huja pigo la pili lililo la polepole zaidi: kipovu cha gesi kilichozaliwa na mlipuko huvimba na kuyasukuma maji mbele yake. Bamba hukimbia kuelekea kalibu kwa mwendo wa makumi ya mita kwa sekunde, na pengine hupita mita mia, likajibandika humo.

Tahadhari moja haina budi kuchukuliwa kabla ya hayo. Hewa iliyo kati ya bamba na kalibu lazima ivutwe yote kwa pampu. Isipovutwa, itabanwa pembeni na kulizuia bamba lisifike katika vipembe vidogo, na bamba litatoka na mapengo kama maandazi yaliyoingiwa na hewa.

KWA NINI WAYA, SI CHECHE TUPU

Yawezekana kuachilia umeme uruke wenyewe majini kutoka ncha moja hadi nyingine bila ya waya wowote. Viwanda vingi vimefanya hivyo. Lakini cheche tupu ina ukaidi wake. Yataka ncha ziwe karibu sana, la sivyo hairuki. Njia yake hubadilika kila mara, kama mtu apitaye porini pasipo kichochoro. Aidha, kabla haijaruka, sehemu ya akiba huvuja majini bure; na maji yakiwa na chumvi au uchafu, uvujaji huzidi.

Waya humaliza ukaidi huo. Umeme hupata njia iliyokwisha kutengenezwa na huifuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Ncha zaweza kutengana zaidi. Mlipuko wa leo hufanana na wa jana, jambo ambalo kiwandani lina thamani kubwa. Tena, umbo la waya ndilo linaloamua umbo la wimbi. Cheche fupi hutoa wimbi la mviringo kama mpira. Waya mrefu ulionyooka hutoa wimbi lenye umbo la bomba. Kwa hiyo fundi anayetaka kutunisha bomba la madini kutoka ndani huupitisha waya katikati yake, na bomba husukumwa sawasawa pande zote. Kazi ikitaka nguvu zaidi upande mmoja, waya huwekwa karibu na upande huo au hupindwa kuufuata.

Unene wa waya nao una hukumu yake. Ukiwa mnene kupita kiasi, akiba yote huishia katika kuupasha moto na kuuyeyusha, na mlipuko hautokei. Ukiwa mwembamba mno, huyeyuka na kuruka mapema, kabla akiba haijatoka vyema. Fundi hodari huchagua madini, unene na urefu kulingana na akiba aliyo nayo. Alumini na shaba hutumika mara nyingi.

SAFARI NDEFU

Waya unaolipuka haukuzaliwa kiwandani. Mnamo mwaka 1774 Mwingereza Edward Nairne, fundi wa vyombo vya sayansi mjini London, aliiarifu Jumuiya ya Kifalme juu ya majaribio ambayo ndani yake aliteketeza nyaya nyembamba kwa umeme. Muda mfupi baadaye Martinus van Marum, mtaalamu wa Uholanzi, alifanya majaribio ya namna hiyo kwa mashine kubwa ya umeme iliyojengwa mwaka 1784 kwa ajili ya jumba la Teyler mjini Haarlem. Mwaka 1857 Michael Faraday alilipua nyaya za dhahabu ili apate chembechembe ndogo mno za madini hayo, achunguze zinavyocheza na mwanga.

Mwaka 1920 John Anderson, wa kituo cha kutazamia nyota cha Mount Wilson huko Marekani, alizilipua nyaya ili apate ardhini joto linalokaribia lile la nyota. Katika Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa Marekani Luis Alvarez na Lawrence Johnston walitumia waya unaolipuka kuwashia baruti za bomu la nyuklia, ambalo lilijaribiwa mara ya kwanza huko New Mexico tarehe 16 Julai, 1945. Waya ulichaguliwa kwa sababu ya utii wake: viwashio vingi vilitakiwa kulipuka pamoja, bila ya kupishana hata kwa sehemu ndogo ya milioni ya sekunde.

Kwa upande wa viwanda, jina linalotajwa sana ni la Lev Yutkin wa Leningrad, katika iliyokuwa Urusi ya Kisovyeti. Yeye ndiye aliyeieleza kwa mapana kazi inayoweza kufanywa na umeme unaomwagwa majini kwa ghafla, akaiombea haki ya uvumbuzi mwaka 1950. Katika miaka iliyofuata viwanda vya ndege na vya makombora, Mashariki na Magharibi, viliikumbatia njia hiyo. Walikuwa wakifinyanga mabamba makubwa kwa baruti halisi ndani ya madimbwi, kazi iliyotaka uwanja mpana mbali na watu, ghala la baruti na walinzi. Umeme uliwezesha kazi ya jamii hiyo kuingia ndani ya jengo na kuanzishwa kwa swichi. Katika miaka ya karibuni kampuni ya Ford ya Marekani ilifanya utafiti juu ya njia hii, ikitafuta namna ya kufinyanga vyuma vikaidi vinavyofanya magari yawe mepesi pasipo kupunguza uimara.

KUTOKA KARAKANA HADI HOSPITALI

Kheri nyingine iliyotoka katika maji hayo iliwafikia wagonjwa. Mwaka 1959 daktari Viktor Goldberg wa Riga alitumia chombo cha cheche za umeme kuvunja jiwe lililokuwa ndani ya kibofu cha mkojo cha mgonjwa. Jiwe ni gumu na hukatika. Nyama za mwili ni laini na hunepa. Mwaka 1980, mjini Munich, Christian Chaussy na wenzake walikwenda mbele zaidi: mgonjwa alilazwa katika beseni la maji, cheche ikalipuliwa nje ya mwili wake, na wimbi la mshindo likakusanywa kwa bakuli la madini na kuelekezwa kwenye jiwe la figo, likavunjika bila ya kisu. Matabibu hao walitumia cheche tupu, si waya. Lakini kanuni ni ndugu moja na ya karakana.

FAIDA NA MIPAKA

Mashine ya kawaida ya kukandamiza mabamba hutaka kalibu mbili zinazoingiana, dume na jike, zilizochongwa kwa gharama kubwa. Kwa njia ya waya, kalibu moja yatosha. Maji ndiyo kalibu ya pili, nayo hayachongwi. Jambo la pili ni kwamba bamba lililokandamizwa polepole huelekea kurudi nyuma kidogo, kama ufito uliokunjwa ukaachiliwa. Bamba lililotupwa kwa kasi likagonga kalibu hupunguza tabia hiyo. Kwa sababu hizo njia hii inafaa vipuri vichache vyenye maumbo magumu.

Haifai kila kitu. Baada ya kila mlipuko waya mpya hufungwa, maji huangaliwa, hewa huvutwa upya na kapasita hujazwa tena. Kiwanda kinachotaka masufuria elfu kumi kwa siku kitafanya vyema kubaki na mashine yake ya zamani. Chombo kizuri ni kile kilichowekwa mahali pake.

ADUI ASIYEPIGA KELELE

Mgeni wa karakana hiyo huogopa mshindo. Fundi mwenye akili huogopa kimya kilichotangulia. Pipa ni nene na limeundwa kustahimili mlipuko. Lakini kapasita iliyojaa haisikiki, hainuki, haitoi moshi wala kutikisika. Yaweza kukaa hivyo hata baada ya kukatwa kabisa na umeme wa ukutani, ikimngoja mtu wa kuigusa.

Benjamin Franklin, Mmarekani mashuhuri aliyeichunguza radi, alilijua hilo kwa mwili wake. Siku mbili kabla ya Krismasi ya mwaka 1750 alikusudia kumwua bata mzinga kwa umeme uliohifadhiwa katika chupa mbili kubwa, ambazo ndizo kapasita za wakati ule. Mkono wake ulikosea, na umeme wote ukapita mwilini mwake. Waliokuwapo walisema mwali ulikuwa mkubwa na mshindo kama wa bastola. Yeye mwenyewe hakuona wala hakusikia kitu, kwa kuwa alipoteza fahamu. Chupa zake hazikuwa na hata sehemu ndogo ya akiba inayohifadhiwa na kapasita za viwandani. Jouli 5,000 zisizotosha kuchemsha chai zatosha kabisa kukomesha moyo wa mwanadamu.

Kwa hiyo karakana za kazi hii huendeshwa kwa amri ambazo mtu hujifunza kabla ya kujifunza mashine:

1. Hakuna anayeingia ndani ya ua wa kapasita mpaka umeme umekatwa na akiba imemwagwa. Mlango wa ua huundwa ili ukifunguliwa, akiba imwagike yenyewe.

2. Hakuna anayeuamini mlango huo peke yake. Fundi huchukua fimbo ndefu ya kihami, yenye ncha ya shaba iliyounganishwa na ardhi, akazigusa ncha za kapasita zote, moja baada ya nyingine.

3. Waya wa ardhi huachwa umeunganishwa muda wote wa kufunga waya mpya, kwa sababu kapasita iliyomwagwa huweza kujikusanyia tena umeme kidogo kutoka ndani yake.

4. Hakuna anayefanya kazi peke yake.

Amri hizi zina sehemu yake nyumbani pia. Oveni za maikrowevu, televisheni za zamani zenye kioo kirefu kwa nyuma, na taa za kamera zina kapasita ndani yake. Nyingine huhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kuchomolewa. Kijana mwenye hamu ya ufundi asifungue vyombo hivyo kwa bisibisi akidhani kuwa plagi ikiwa sakafuni, hatari imekwisha. Wazazi wamwambie mapema, na chombo kipelekwe kwa fundi anayejua kukimwaga.

Hapo ndipo somo la waya mwembamba linapokamilika. Umeme ule ule wa kapasita waweza kumwua fundi mzembe au kulipa bamba umbo la ubawa wa ndege. Tofauti ni njia uliyopewa, kizuizi kilichojengwa, na mkono uliokubali kuzifuata amri zilizo ukutani hata siku ambayo hakuna msimamizi anayetazama. Waya hugharimu senti chache na huteketea kwa mara moja. Fundi hana badala yake, na nyumbani kwake wapo wanaomngoja jioni.